Frame ni ya mzazi, bounds ni yako: kuhamisha koordinati kwenye iOS

Ukitaka kuweka kidokezo juu ya kitufe kilichomo ndani ya kadi, nayo kadi imo kwenye skroli, namba za kitufe peke yake hazikufikishi popote. Kila kisanduku kwenye skrini (`view`) kina nukta yake ya (0, 0): `frame` ni mahali na ukubwa wake kwa kipimo cha mzazi, yaani kisanduku kinachokibeba, na `bounds` ni kwa kipimo chake chenyewe. Kabla hujauliza kitufe kiko wapi, jiulize kwanza: kwa kipimo cha nani?

Tuchukue kitufe chenye `frame` ya (16, 60), upana 80 na kimo 32. Kadi imekaa (20, 400) ndani ya skroli. Skroli yenyewe inaanzia (0, 100) kwenye `view` kuu, na mtumiaji ameshaisogeza pointi 300. Basi x ni 16 + 20 + 0 = 36, na y ni 60 + 400 − 300 + 100 = 260. Ile 300 inatolewa kwa sababu `contentOffset`, yaani kiasi skroli ilichosogezwa, ndiyo `bounds.origin` ya skroli. UIKit, maktaba ya Apple ya kujenga skrini za iOS, inakufanyia hesabu yote hiyo kwa mstari mmoja:

`kitufe.convert(kitufe.bounds, to: view)`

Wengi huandika `kitufe.frame` hapo, na kidokezo kinatua (52, 320). Ukiitazama tofauti, ni 16 na 60 zilezile, zimejumlishwa mara mbili. `frame` inapimwa kwa mzazi, kwa hiyo ukitaka kuitumia, mwite mzazi: `kadi.convert(kitufe.frame, to: view)`. Kosa hili ni gumu kunasa, maana kitu kikikaa (0, 0) kwa mzazi wake majibu yote mawili yanalingana, na linajitokeza siku mtu anapoongeza nafasi pembeni.

Wakati nao una uzito wake. Ndani ya `viewDidLoad` (`view` inapopakiwa tu) vipimo havijatulia, subiri `viewDidLayoutSubviews` (visanduku vikishapangwa). Tena visanduku vyote viwili lazima viwe kwenye dirisha moja. Ukipitisha `nil` kwenye `to:`, unapata koordinati za dirisha, si za skrini.

Kibodi ndipo tofauti hiyo inapouma: `frame` inayokuja na taarifa yake ni ya skrini, na kwenye iPad iliyogawanywa dirisha lako huenda lisianzie kwenye kona ya skrini. Ihamishe kwanza (`f` ni hiyo `frame` ya kibodi, `skrini` ni `UIScreen` yenyewe):

`view.convert(f, from: skrini.coordinateSpace)`

ndipo uikatishe na `view.bounds` kwa `intersection`. Kimo kinachobaki ndicho kibodi ilichokifunika kweli.