Kabla hujamlaza mgeni, lala wewe kwanza

Wiki iliyopita nimelala kwa mamkubwa kule Makangale, Pemba, ila safari hii sikulala ndani na watoto kama siku zote, nimelala chumba cha wageni, kile cha mbele chenye mlango wake wa nje. Nimeingia na begi langu saa mbili usiku, nikafunga mlango, nikasema mpaka asubuhi sitoki wala siombi kitu kwa mtu, nikikosa nimekosa, kama mgeni ambae hamjui mtu hapa na anaona haya kugonga mlango wa watu usiku.

Sababu yake ni hii. Mamkubwa na jirani zake watatu wanataka kupokea wageni majumbani, hawa wanaokuja kutembea msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi. Wengi wao wanakuja na gari asubuhi na jioni wanarudi mjini Chake Chake, pesa yote inapita barabarani mbele ya mlango wa mamkubwa na yeye anaiona tu vumbi lake. Mie nimefanya kazi ya vyumba miaka sita kwenye hoteli moja ya Nungwi, kutandika, kufua, kukagua, bas wakaniita niwasaidie kuvipima vyumba vyao.

Sasa nikwambieni nilichokipata usiku ule.

Cha kwanza chandarua. Ukikitazama mchana kizuri, cheupe, kimening'inia vizuri, lakini upande wa ukutani hakifiki kuingia chini ya godoro, kimeishia juu juu, nilipojigeuza tu mguu ukakiegemea na mbu wakanipatia hapo hapo. Malaria Zanzibar imeshuka sana sote tunajua, lakini mgeni aliyetoka kwao amejaa hofu akisikia mbu sikioni halali tena, na asubuhi hawezi kukusifu hata umpikie nini. Cha pili mto. Mto wa sufi, wa zamani, umefanya mabonge, sikio linauma. Cha tatu soketi iko ukuta wa pili, ukitaka kuchaji simu lazima ushuke kitandani gizani upapase. Chooni sakafu haikupewa mteremko sawasawa, maji ya kuoga yanakuja mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu la kutokea, usiku nimekanyaga maji baridi.

Na kubwa kuliko yote, komeo. Mlango ule una komeo la nje tu, la kutilia kufuli ukiondoka. Ndani hakuna kitu. Nikasogeza kiti nikakitegesha mlangoni nikalala hivo hivo jicho moja wazi, na mimi ni mtoto wa pale pale, nimekulia pale, je huyo mwanamke aliyesafiri peke yake siku mbili hajui hata njia ya kukimbilia?

Asubuhi mamkubwa kaniletea chai ya mdalasini na mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga, shuka zake zilikuwa zimefuliwa zinanukia asumini, uwanja umefagiwa kabla ya alfajiri. Hivo vyote alama kamili na mimi nimeandika. Lakini nilipofika kwenye komeo akanitazama sana. Akanambia, "Mwanangu, huku nani atakayemwibia mgeni? Tangu nizaliwe sijaona." Nikamwambia mamkubwa, mie najua na wewe unajua, ila yeye hajui, na usingizi wake ndo tunaomuuzia. Akanyamaza kidogo halafu akasema haya, mwite fundi.

Nasema haya kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya madaraja ya nyumba za wageni wanawaza nyota. Nyota zipo na zina kazi yake, nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana vigezo vyao vya pamoja toka nyota moja mpaka tano, na huku kwetu kuna Kamisheni ya Utalii na Sheria ya Utalii ya 2009, na leseni lazima, hilo halina mjadala, msianze kupokea watu kimya kimya, nendeni kwa sheha, kiongozi wa mtaa wenu, muulize njia. Lakini leseni na daraja ni vitu viwili. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. Daraja ni kumwambia mtu ambae hajafika atakuta nini. Na nyota zimekaa kihoteli, zinauliza mapokezi, mgahawa, huduma za chumbani, sasa nyumba ya mawe na makuti ya vyumba viwili ukiipima kwa hayo itashindwa kila siku hata kama ni safi kuliko hoteli, na mwenye nyumba atakopa pesa anunue eisii na tivii kubwa ili apate alama, wakati mgeni wake alikuwa anataka chandarua kinachofika chini.

Wenzetu Ufaransa waliliona hili zamani. Nyumba zao za mashamba zina umoja wao unaitwa Gîtes de France, umeanza 1955, na wao hawakutumia nyota, walitumia suke la ngano, toka suke moja mpaka matano, mana nyumba zenyewe ziko kwa wakulima. Malaysia nao wana mpango rasmi wa wageni kulala vijijini tangu 1995, nyingi ni familia za Kiislamu kama sisi, mgeni anakula kinachopikwa humo ndani.

Nikiwaeleza jirani za mamkubwa habari ya masuke mzee mmoja akadakia, "Sasa sisi si tuna karafuu?" Jamani, nilifurahi mpaka nikasimama. Mpemba gani umfundishe daraja? Tangu mtoto unajua karafuu ikianikwa juu ya jamvi na jua likiwaka inatoka ile rangi yake, na ikinyeshewa inapauka, na ukiianika barabarani inaingia mchanga, na ukichanganya na makonyo, vile vijiti vyake, utarudishwa mbele za watu pale kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Kuna daraja la kwanza, la pili, la tatu, na bei inafuata daraja. Hakuna anaeona katukanwa akiambiwa karafuu yako daraja la pili, anarudi nyumbani anajua kosa lake liko wapi na mwakani anaanika vizuri. Nyumba ya wageni nataka ichukuliwe vivo hivo. Karafuu moja mpaka tatu, na kila moja watu wajue imepatikana kwa kitu gani na imekosekana kwa kitu gani.

Ila kuna vitu mimi sikubali viwe vya kuhesabiwa alama, hivo vinatakiwa kabla ya alama yoyote. Komeo la ndani. Maji ya kunywa yaliyochemshwa au ya chupa. Njia ya kutokea moto ukitokea, mana madirisha yetu yote nondo, mlango mmoja ukizibika umekwisha, bas angalau dirisha moja nondo zake zifunguke kwa ndani. Jiko la mkaa lisilale ndani hata iwe mvua ya masika, moshi wake usioonekana unaua mtu kalala. Na choo kiwe mbali na kisima, mita 30 kwa uchache.

Halafu ukweli. Hapa naongea kwa uchungu kidogo. Mwaka jana wageni wangu wawili waliweka buking nyumba moja pwani ya mashariki ya Unguja, mie ndo niliwasaidia kuchagua, picha zinaonyesha bahari kama iko mlangoni. Wamefika, bahari iko dakika ishirini kwa mguu, na maji ya kuogea ya chumvi hakuna aliyewaambia. Nyumba yenyewe ilikuwa safi kabisa, mwenyewe mtu mzuri, na lau angeandika bahari iko mbali na maji yana chumvi wangekuja vile vile na wangeridhika. Waliondoka siku ya pili. Kwangu mimi nyumba ya karafuu moja iliyosema kweli ni bora kuliko ya karafuu tatu kwenye picha. Andika umeme unakatika. Andika hapa ni nyumba ya Waislamu pombe hailetwi. Andika adhana ya alfajiri inasikika, andika jogoo, andika maji yakipwa bahari inakwenda mbali na kuogelea mpaka yajae. Wengine hawatokuja na hao bora wasije, watakaokuja watakuwa wamekuja kwako.

Mpaka leo kwa mamkubwa tumefika hapa: fundi ametia komeo na amechimbua sakafu ya choo akaipa mteremko upya, soketi imehamishiwa kitandani, sufi imeanikwa juani imechambuliwa imerudishwa kwenye foronya mpya, chandarua tumekiongezea kitambaa chini kwa cherehani. Hakuna kilichotushinda bei. Na wale jirani tumekubaliana kila mmoja alale usiku mmoja kwenye chumba cha mwenzake, na asubuhi aseme mbele ya chai kila kitu bila kuficha, halafu ndo tumwite mtu wa Kamisheni aje atukague.

Nyumba mbili zimeshalaliwa. Ya tatu ndo inaninyima raha. Chumba kizuri kuliko vyote, kina baraza, upepo wa bahari unaingia, mwenyewe kakipaka chokaa kwa mkono wake, lakini kisima chake na choo cha nyumba ya nyuma nimehesabu kwa hatua haifiki mita 20, na kisima hicho ndo kinachonywesha nyumba nzima na watoto wake. Yeye bado hajui. Ijumaa baada ya sala nakwenda na futi kamba ya fundi tupime pamoja, yeye ashike ncha moja mimi nishike nyengine.