Friji la zamani limewaka tena

Jamani limegandisha! Friji langu la miaka ya 1950, lile la mlango wa mviringo na komeo la chuma, jana usiku limetoa barafu na mimi nimekaa chini nalisikiliza tu linavyonguruma.

Sikulichomeka haraka. Waya wa umeme ulikuwa umekauka mpaka raba inapukutika mkononi, nikaubadilisha wote na kuongeza waya wa ethi, kisha nikapima na mita kama kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inavujisha umeme kwenye bodi, iko safi. Mfumo wa gesi sikuugusa kabisa, humo kuna R-12, gesi inayokula tabaka la ozoni, na ukikuta friji la zamani zaidi ya hapo linaweza kuwa na salfa dayoksaidi ambayo ni sumu kali, kwa hiyo usikate paipu hovyo.

Raba ya mlango ndo ilinisumbua. Unabana karatasi mlangoni unaivuta, ikitoka kirahisi ujue baridi inavuja, yangu ilichomoka pande tatu!! Nimeweka mpya.

Themomita nimeiweka ndani ya glasi ya maji, maana hewa inadanganya ukifungua mlango. Baada ya masaa kumi na mbili ikasoma nyuzi 3, na chakula kinataka 4 kushuka chini, so tupo vizuri.

Komeo nimelitoa, nimeweka sumaku. Mtoto akijifungia humo hawezi kufungua kwa ndani, Marekani walipitisha sheria kabisa mwaka 1956 kwa ajili hiyo. Rangi itafuata.