Siku moja maishani mwangu: mpiga dramu wa roki, Tudor mpaka Mtwapa

Saa 1 asubuhi. Jumamosi ya shoo huanza kimya. Dramu zenyewe haziguswi. Tudor, hapa Mombasa, nyumba zimebanana, na jirani aliyetoka zamu ya usiku bandarini hataki kusikia matuazi, zile sahani za chuma. Nina pedi ya mpira mezani, vijiti vya ukubwa wa 5B na metronomu, kipima mapigo, ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika. Mapigo ya mojamoja dakika 5, ya mawilimawili dakika 5, kisha paradido: kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto. Kila baada ya dakika 2 naongeza 4, hadi mkono mmoja uanze kusikika tofauti na mwenzake. Hapo narudi nyuma 8 na kukaa papo hapo. Kasi haina haja ya kutafutwa, huja yenyewe mikono ikilingana.

Kijiti hushikwa kwa gumba na kidole cha shahada, kama theluthi moja kutoka nyuma, na vidole vitatu vilivyobaki hukirudisha. Ukikibana hakirudi, na ukifika wimbo wa nne kigasha kimekauka kama ubao.

Saa 3. Mahamri, mbaazi, chai.

Saa 4. Kazi ya mguu, yaani pedali inayopiga ngoma kuu kwa nyundo, na hapa ndipo muda mwingi wa siku huenda. Katika albamu ya kwanza ya bendi ya roki Led Zeppelin, ya 1969, mpiga dramu wao John Bonham alipiga mafungu ya matatu kwa pedali moja: pigo la kwanza la fungu analiacha, mguu unachukua mawili yanayofuata. Wengi waliosikia walidhani ana pedali mbili. Mbinu ninayoitumia mimi ni ya kuteleza. Kisigino juu, pigo la kwanza katikati ya ubao wa pedali, jepesi, mguu uteleze mbele kama sentimita 3, pigo la pili lishuke na uzito wote. Kinachoharibika mara nyingi ni lile la kwanza: likipigwa kwa nguvu, la pili huchelewa na fungu zima huchechemea. Springi ikikazwa mno, muundi huwaka moto kabla hujamaliza dakika moja. Nayo ikilegezwa mno, nyundo hairudi kwa wakati.

Aliyekulia Pwani ana akiba hapa. Chakacha, ngoma yetu ya Pwani, huenda kwa mapigo sita, na sikio lililozoea ngoma za vumi na chapuo kwenye harusi tayari linahesabu mafungu ya matatu bila kufundishwa. Lakini akiba hiyo ina deni lake. Mikono iliyolelewa na ngoma zetu hutaka kujaza kila nafasi, ilhali roki husimama juu ya sneya, ngoma ndogo yenye nyaya chini, kwenye pigo la pili na la nne, na nafasi tupu katikati. Nikifanya mazoezi, nalazimisha mkono wa kushoto upige hizo mbili tu kwa dakika 10. Ni kazi ngumu kuliko madoido yoyote. Ginger Baker, mpiga dramu wa bendi ya roki Cream, alifunga safari upande wa pili: alikwenda Lagos, na mwaka 1971 ikatoka rekodi aliyopiga pamoja na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria. Kwa maoni yangu, mpiga dramu wa roki asiyemjua Tony Allen, aliyempigia Fela dramu, amesoma nusu ya kitabu.

Saa 8 mchana. Matengenezo. Hewa ya bahari hula chuma: skrubu za kukazia ngozi hushika kutu, na zile nyaya za chini ya sneya huanza kukatika mojamoja. Nazitoa skrubu, nasugua nyuzi zake kwa mswaki mkavu, napaka mafuta mazito ya mgando kidogo sana, narudisha. Mafuta yakizidi hukamata mchanga.

Saa 10. Tuktuk. Ngoma kuu ya inchi 22 hulala kitini, matuazi huenda mapajani.

Saa 11 na nusu. Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa. Dramu hukaa jukwaani nusu saa kabla ya kuzilinganisha, kwa sababu ngozi za plastiki hulegea kwenye joto na kukaza kukipoa. Skrubu hukazwa kwa kuvuka: ukimaliza hii, nenda ya mkabala wake, robo mzunguko kila mara. Gonga kama inchi 1 kutoka ukingoni mbele ya kila skrubu. Sauti zikitofautiana, ngoma italia kwa mtetemo mbaya. Ndani ya ngoma kuu naweka mto mmoja, uguse ngozi ya nyuma kidogo tu. Blanketi zima humpa fundi mitambo kazi rahisi, ila ngoma inabaki bila mwili.

Adhana ya magharibi ikianza, tunanyamaza wote, kisha tunaendelea kupima sauti.

Saa 3 usiku. Seti ya kwanza wageni wanakula, na meneja atakuja tu: “Kaka, punguza kidogo.” Kupunguza nguvu bila kupunguza kasi ndiko kunakowashinda wengi. Somo liko kwa Charlie Watts, mpiga dramu wa Rolling Stones: kila alipopiga sneya, mkono wa haihati, yale matuazi mawili yanayofungwa kwa mguu, aliunyanyua bila kuigonga. Sneya inasikika hata ikipigwa pole, kwa kuwa hakuna kinachoifunika. Ninashusha vijiti visipande juu ya usawa wa kifua, na haihati naifunga kabisa. Seti ya pili, watu wakishasimama, nafungua kila kitu.

Vizibo vya masikio haviondoki. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hupendekeza mtu asizidi dakika 15 kwenye desibeli 100, na tuazi karibu na sikio hufika huko bila shida.

Saa 7 usiku. Matuazi yanafutwa jasho kabla ya kuingia mfukoni, la sivyo chumvi huacha madoa ya kijani. Kisha tuktuk ya kurudi. Bei yake ipatanwe mchana, kwa dereva yuleyule. Usiku wa manane, akiona ngoma kuu, nauli hupanda mara mbili, na hapo huna pa kwenda.