Umri wa fuko la mwisho

Jumatano, saa tano usiku.

Leo nimerudi nyumbani na furaha niliyokuwa nimeisahau, na nataka kuiandika ingali ya moto. Wiki sita nzima nimelala na kuamka na swali moja: kwa nini seli zilezile zinazotuzalishia vekta, yaani virusi vya kubebea jeni ya tiba, vizuri kwenye chupa ya mililita 30, tukizihamishia kwenye bioriakta, tanki la kukuzia seli, ya lita 200, zinatupa theluthi tu ya tulichotarajia?

Vekta zetu ni za AAV, virusi vya upana wa kama nanomita 25 ambavyo jeni zake zimetolewa na kupakiwa jeni ya tiba mahali pake. Zinazovitengeneza ni seli za HEK293, ukoo ulioanzia Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, katika jaribio la 293 la Frank Graham. Jina lake limetoka hapo. Kila seli lazima ipokee plasmidi tatu, yaani viduara vidogo vya DNA, kwa mkupuo: moja imebeba jeni ya tiba, ya pili ina maelekezo ya kujenga ganda la kirusi, ya tatu ni msaidizi. Ikikosa ile ya jeni ya tiba, seli itajenga maganda matupu tu.

Sasa, DNA haiingii kwenye seli kwa hiari yake. Ina chaji hasi, na uso wa seli nao vilevile. Kwa hiyo tunaichanganya kwanza na polietilenimini, PEI tunavyoiita kazini, yenye chaji chanya. Vikikutana vinagandana na kuwa chembe ndogo ambazo seli inazimeza. Tatizo ni kwamba chembe hizo hazitulii. Zinaendelea kushikana na kukua dakika baada ya dakika. Zikiwa changa mno hazifiki kwenye seli vizuri. Zikizeeka zinakuwa mabonge ambayo seli inashindwa kuyameza, au yanaiumiza.

Kwenye chupa ndogo jambo hili halionekani kabisa. Mchanganyiko ni mililita 3, unasubiri dakika kumi, unamimina, umemaliza. Matone yote yana umri mmoja. Kwenye tanki la lita 200 tulifuata uwiano uleule, asilimia 10, yaani lita 20 za mchanganyiko kwenye fuko. Pampu ilikuwa inasukuma nusu lita kwa dakika. Piga hesabu: dakika arobaini za kusukuma, juu ya zile kumi za kusubiri. Tone la kwanza liliingia lina dakika kumi, la mwisho lina hamsini. Nilikuwa nimeandika utaratibu huo kwa mkono wangu, nikaupitia mara tatu, na sikuliona.

Nikaenda kutafuta mchawi kwingine. Nilichunguza oksijeni, pH, kasi ya mapanga ya kukorogea, hata kaboni dioksidi, ambayo kweli huwa inajilimbikiza kwenye matanki marefu kwa sababu haipati pa kutokea kirahisi. Kila nilichogusa kilisogeza mavuno kidogo tu.

Aliyeona ni kijana wa zamu ya usiku, hana hata mwaka kazini. Aliniambia, "Dada, hebu njoo ulitazame hili fuko kabla halijaisha." Akaliinua kwenye taa. Mwanzoni mwa kazi mchanganyiko ule huwa na ukungu mwepesi sana, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Fuko alilolishika mwishoni lilikuwa na nyuzinyuzi nyeupe zinazoelea, zinapanda na kushuka kila alipolitikisa. Nilisimama pale nikiziangalia na nikajua hapohapo kwamba nusu ya DNA yetu ilikuwa inaingia kwenye tanki ikiwa tayari imekufa kazi. Na DNA yenyewe si ya kuchezea: kwa seli milioni 2 kwa kila mililita, tanki moja linameza karibu gramu 0.4 za plasmidi safi, na plasmidi ni miongoni mwa vitu vya gharama kubwa kuliko vyote katika kazi hii.

Tulichofanya si kitu cha ajabu. Tumepunguza mchanganyiko hadi asilimia 5, lita 10 badala ya 20, kwa kiasi kilekile cha DNA. Hizo lita 10 tumezigawa mafuko manne ya lita mbili na nusu, kila moja linachanganywa kwa saa yake, linasubiri dakika kumi, kisha linasukumwa lita moja kwa dakika. Hakuna tone linaloingia likiwa limezidi dakika kumi na tatu. Tulikuwa watu watatu na saa mbili za ukutani, mmoja anachanganya, mmoja anashika pampu, mimi nasoma dakika kwa sauti. Tumelelewa tukiambiwa haraka haraka haina baraka, lakini saa ile nilikuwa nawahimiza wenzangu kama mtu anayekimbiza gari la mwisho.

Majibu ya mavuno yametoka leo mchana. Tumekaribia kabisa kiwango cha chupa.

Nieleze kwa nini nilitaka kulia mbele ya kompyuta. Zolgensma, tiba ya SMA, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya watoto, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, inampa mtoto vekta trilioni 110 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo nane anahitaji trilioni 880. Lita moja ya mavuno mazuri ya AAV ina kama trilioni 100, na hapo hujahesabu zinazopotea kwenye kusafisha. Kwa kipimo kama hicho, tanki la lita 200 lililokwenda vizuri ni watoto ishirini na kitu kabla ya kusafisha. Lililotoa theluthi ni watoto saba. Tiba tunayoshughulikia sisi ni nyingine, ila hesabu hiyo nimekuwa nikiirudia kichwani kila tanki lilipoanguka.

Bado sijui nusu ya habari, kwa sababu mashine ya leo imehesabu jeni peke yake. Maganda yanahesabiwa kwa kipimo kingine, na kabla ya kusafisha matupu kwa kawaida ndiyo mengi. Hayaponyi mtu, ila mwili wa mgonjwa unapambana nayo kama na yale yaliyojaa, na kuyatenganisha ni kazi nzito kwa sababu kwa nje yanafanana. Nina hisia kwamba chembe changa zitatupa yaliyojaa mengi zaidi, maana plasmidi zote tatu zitakuwa zimefika pamoja. Ni hisia tu. Sampuli ziko kwenye friza, nyuzi 80 chini ya sifuri, vichupa sita nimeviandika tarehe mwenyewe. Kesho saa tatu asubuhi navitoa, na nimemwambia yule kijana asiende kulala kabla sijaanza.