Picha ilisema ndani, goti likasema nje

Niliteguka goti Matondoni, kijiji cha mafundi jahazi kisiwani Lamu, nikishuka jukwaani tulipokuwa tukipigilia mbao za ubavu wa jahazi. Mguu ulikwama kati ya magogo, mwili ukageuka, goti halikugeuka. Kulikucha limevimba. Nikachuliwa kwa mafuta ya simsim wiki mbili, uvimbe ukapungua, nikadhani yamekwisha. Ijumaa moja msikitini, kwenye tahiyatu, goti likajifunga. Wenzangu wameshatoa salamu na wanasimama, mimi niko palepale kama niliyegongomewa msumari. Ikabidi niinuliwe.

Nikaandikiwa MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa, na hiyo niliifuata Mombasa: boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Malindi, mguu nimeunyoosha njiani na kila abiria anauruka.

Wahudumu wa mashine waliponiuliza kazi yangu nikajibu fundi wa vyombo vya baharini. Wakasita. Mtu anayesaga na kugonga chuma huweza kuwa na chembe jichoni asijijue, na ile sumaku ina nguvu ya kuisogeza. Wakanipiga kwanza eksirei ya macho. (Wasingeuliza, ndipo ningewaogopa.) Ndani ya mashine ni kugongagonga tu, kelele nilizozizoea, kama nusu saa bila kutikisika.

Ripoti ikasema kano zote, yaani kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, ni nzima, ila meniskasi ya upande wa ndani imechakaa na ina ufa. Meniskasi ni gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, zimelazwa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Ajabu yake ni kwamba mimi nilikuwa naumwa upande wa nje.

Daktari wa upasuaji aliiweka ripoti kando. "Lilivimba papo hapo au kesho yake?" Uvimbe wa papo hapo mara nyingi ni damu, na humfanya aishuku kano ya mbele, wa polepole humpeleka kwenye meniskasi. Akalikunja goti, akauzungusha unyayo, akabonyeza pale mifupa inapokutana. Ndani, kimya. Nje, niliruka.

Akanieleza kuwa uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2003 ulikuta MRI huona mchaniko wa meniskasi ya ndani kwa watu kama 93 katika 100 walio nao, wa nje kama 79 tu. Tena ufa wa uchakavu, kama wangu wa ndani, wengi wanatembea nao bila maumivu. "Nikiifuata karatasi hii peke yake, fundi, nitakukata pasipouma."

Hapo nikatoa daftari langu la vipimo vya mbao. Kurasa za nyuma nilikuwa nimeandika kila mara goti lilipojifunga, nilikuwa nafanya nini, na nililifunguaje. Alilisoma kuliko alivyosoma ripoti. Bahati nilikuwa nimedai pia diski ya picha zenyewe. Wakaziangalia upya na mtaalamu wa picha, wakakuta nyuma ya meniskasi ya nje, karibu na mshipi wa msuli upitao hapo, mstari hafifu wa kubishaniwa.

Kamera ilipoingizwa gotini, mchaniko ulikuwa palepale. Wakaushona, wa ndani wakauacha. Magongo wiki sita. Sasa napiga nyundo nimeketi kigodani, na tahiyatu bado ni kitini, safu ya nyuma, pamoja na wazee wanaoniuliza nina miaka mingapi.