Sekunde moja kamili

Wiki hii nimeshinda napitia pachi (marekebisho ya kodi) ya dogo mmoja wa timu yetu, ya kutibu thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) inayochelewa kuamka kwenye draiva ya mizani, yaani kodi inayoongea na mizani, na nimeona niandike leo leo maana kuna kitu kwenye treisi yake (rekodi ya matukio ya CPU) kimenikaa kichwani.

Kwa asiyejua, sisi tuna kiboksi cha Linux kinachofungwa kwenye mizani za maghala, korosho zaidi. Gunia linapanda, mizani inatulia, uzito unatokea kwenye skrini, karani anaandika, gunia linashuka. Lalamiko lilikuwa kwamba mara moja moja namba inachelewa, sio sana, sekunde hivi, lakini wabebaji hawana muda wa kusubiri skrini yako, gunia limeshashuka na namba ndo inatokea, karani anapiga kelele, gunia linarudishwa. Ukiwa na foleni ya magunia huo ni ugomvi wa siku nzima.

Basi dogo akaleta pachi. Kafanya mambo mawili: taimauti ya thredi (muda wa juu wa kulala kabla ya kuamka yenyewe) kaishusha kutoka HZ mpaka HZ/50, yaani kutoka sekunde moja mpaka milisekunde 20, na thredi yenyewe kaipandisha daraja iwe SCHED_FIFO ili isisukumwe na wengine. Kapima, lalamiko limeisha. Kweli limeisha, na mimi nimepima nikaona.

Sasa kilichonifanya nisiipitishe ni ile treisi aliyoambatanisha mwenyewe. Kama tatizo lingekuwa skejula, yaani kigawa zamu za CPU, inachelewesha thredi, ungeona tukio la sched_waking limetokea mapema, halafu sched_switch inakuja baadaye sana, kwamba thredi imeshaitwa ila inasubiri zamu yake ya CPU. Hapo SCHED_FIFO ingekuwa na maana. Lakini kwenye treisi yake interapti (ishara ya mizani kwamba data imefika) inaingia, thredi ya interapti inafanya kazi yake kwenye CPU 0 inamaliza inalala, halafu kimya. Hamna sched_waking ya thredi yetu kabisa. Inakuja kutokea sekunde moja baadaye na anayeiamsha sio interapti, ni taima. Na kila tukio baya ni hivyo hivyo, sekunde moja, sio nusu, sio sekunde na robo. Foleni ya CPU haina adabu hiyo, ingekuwa skejula ungeona namba zimetawanyika. Hii thredi haikuchelewa kuamka, haikuamshwa kabisa, taimauti ndo ilikuja kuiokoa.

Nikafungua draiva. Upande wa anayeamsha kuna hivi: anaandika kwamba data ipo, kisha if (waitqueue_active(...)), yaani kama kuna aliyelala kwenye foleni, ndipo anaita wake_up() ya kumwamsha. Aliyeandika hiyo if zamani alitaka kuokoa gharama, kwa nini uchukue loki (kufuli) ya foleni kama hamna aliyelala? Inaeleweka. Shida ni kwamba CPU haipeleki maandishi yako kwenye memori hapo hapo, inayaweka kwanza kwenye kijibafa chake halafu inaenda mstari unaofuata, na mstari unaofuata ni kusoma, kusoma hakusubiri. Kwa hiyo neno "data ipo" bado liko kwenye kijibafa cha CPU 0, huku CPU 0 hiyo hiyo imeshachungulia foleni ikaona hamna mtu. Dakika hiyo hiyo kwenye kori nyingine (CPU nyingine ya ubao huo huo) thredi yetu inajiandikisha kwenye foleni, inaangalia data, haioni, inalala. Ni kama umemtumia mtu meseji bado ina kale kasaa, hata haijatoka kwenye simu yako, wewe ushaangalia kama yupo onlaini, hayupo, ukaondoka. Upande wa anayelala kerneli (kiini cha Linux) imeshaweka bariya ya memori, yaani amri ya kulazimisha maandishi yatoke kwanza kabla ya kusoma, ndani ya wait_event anayoitumia kulala, huna haja ya kufikiria. Upande wa anayeamsha ukichungulia foleni bila loki, bariya ni juu yako, na maelezo yaliyo juu ya waitqueue_active() kwenye faili la kerneli la wait.h yanakwambia wazi kabisa kwamba ukikosea utapata hitilafu za mara moja moja zisizoeleweka.

Watu wengi wanadhani hii ni shida ya CPU za ARM tu, kama za kwenye simu. Hapana, kuandika kisha kusoma sehemu nyingine ni mpangilio mmoja ambao hata x86, CPU za kompyuta na seva nyingi, inaugeuza. Mwaka 2015 kulikuwa na bagi (kosa la kodi) ya aina hii hii kwenye tty ya Linux, sehemu ya terminali, kwenye seva ya x86_64, programu inasubiri data na data ipo kwenye bafa, sababu ilikuwa bariya haipo kabla ya waitqueue_active(), na baada ya pale ndo yakaongezwa yale maelezo kwenye wait.h.

Na ile ya futex, njia ya Linux ya thredi kusubiriana, ndo kubwa zaidi. Linux 3.14, mwaka 2014, waliingiza maboresho ya kutochukua loki kama hamna anayesubiri, wazo lile lile la if yetu kwa kweli. Hesabu yote ilitegemea kwamba fankisheni ya get_futex_key_refs() lazima ina bariya ndani yake. Ilikuwa nayo, ila kwa futex za ndani ya prosesi moja (programu moja inayoendeshwa) switch, ile kodi ya kuchagua kesi, haikuingia kwenye kesi yoyote, inapita moja kwa moja bila bariya. Ikaonekana kwenye arm64 (ARM ya biti 64) na mutex (kufuli za thredi) za Android, programu zinakwama. Oktoba 2014 ikarekebishwa kwa kuongeza default: smp_mb(), na basi. Lakini kerneli zenye kosa zilikuwa zimeshasambaa, na mwaka 2015 watu wa Java walikuwa bado wanahangaika na seva za Haswell (CPU za Intel) ambazo thredi inasubiri milele wakati imeshaachiwa. Wale hawakuwa na taimauti, kwa hiyo kwao ilionekana kama kukwama. Sisi tunayo, ikaonekana kama kuchelewa.

Kwa nini kwetu inatokea mara nyingi kiasi cha karani kugundua, hilo lilinisumbua, maana dirisha lenyewe ni dogo mno. Kumbe mizani inatuma uzito kwa vipande viwili vinavyofuatana karibu sana. Thredi inaamshwa na kipande cha kwanza, inakichukua, inarudi kulala, na wakati inarudi kulala ndo cha pili kinaingia. Yaani tumepanga miadi na bagi. Na ubao wa zamani ulikuwa na kori moja, hapo hii kitu haiwezi kutokea, ndo maana lalamiko limeanza tulipohamia huu wenye kori nne.

Nikamwandikia dogo haya yote, akanijibu, "Sawa kaka, lakini mteja anataka namba itokee, na imetokea." Ana hoja, sikatai. Ila kile kifaa kinatumia betri umeme ukikatika, na pachi yake inaamsha CPU mara 50 kwa sekunde usiku kucha ghala likiwa limefungwa, kwa ajili ya kufunika mstari mmoja. Na bado uamsho unaendelea kupotea vile vile, kuchelewa ndo kumefupishwa tu.

Pachi ya pili aliyoleta imefuta ile if, wake_up() inaitwa kila mara. Mstari mmoja umetoka. Tulijadili kidogo kama atumie wq_has_sleeper(), ambayo ina bariya ndani yake, nikaona hapana, hapa ni interapti chache kwa gunia, loki ya foleni haina gharama ya kuongelea, na wake_up() ikichukua loki mambo yote yananyooka yenyewe: ama inamkuta aliyelala, ama anayekuja kulala anachukua loki baada yake na ataiona data. SCHED_FIFO nimemwambia aitoe, haikuwahi kuhitajika.

Nilimwomba vitu viwili kabla sijaweka jina langu. Kwanza apime draiva ya zamani bila taimauti kabisa, ili bagi isipate pa kujificha. Ilikwama kabla hajamaliza chai. Kisha mpya kwa hali hiyo hiyo, inaenda tangu jana.

Pili ni hii, na hapa bado tunabishana. wait_event_timeout(), ile thredi yetu inayoitumia kulala, ikifika mwisho wa muda na kukuta sharti limeshatimia, hairudishi 0, inarudisha 1. Draiva yetu inaangalia kama jibu ni zaidi ya 0, kwa hiyo kila uamsho uliopotea umekuwa ukihesabiwa kama mafanikio, ndo maana hamna logi hata moja ya kosa kwa muda wote huo. Nataka jibu likiwa 1 tuandike onyo. Dogo anasema 1 inaweza pia kutokea kihalali, kwamba data imeingia tiki ya mwisho (kipigo cha mwisho cha saa ya kerneli kabla muda kuisha), tutapata maonyo ya uongo. Ni kweli inawezekana, ila mara ngapi? Nimemwambia aweke kaunta ya kuhesabu tu badala ya onyo, tuiache ghala mbili tatu tuone. Amesema ataleta Jumatatu, na mimi wikiendi hii napitia draiva zilizobaki, grep (amri ya kutafuta maneno kwenye kodi) imeshanionyesha if kama ile kwenye ile ya printa.