Tulivyopunguza Hatari ya Kuweka Skrubu Mgongoni Bila Kompyuta ya Kuongozea

Katika hospitali ya rufaa ninakofanya upasuaji, magharibi mwa Uganda, wengi wanaoletwa na pingili zilizovunjika ni vijana walioanguka na bodaboda, na mara nyingi panapovunjika ni mpaka wa kifua na kiuno. Kuzifunga pingili hizo hutaka skrubu zipitishwe ndani ya pedikeli, yaani kidaraja cha mfupa kinachounganisha sehemu ya mbele ya pingili na sehemu yake ya nyuma. Upande wa ndani wa kidaraja hicho upo ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, chini yake hupita mzizi wa neva, na mbele ya pingili kuna mishipa mikubwa ya damu, hivyo milimita chache zinatosha kumdhuru mgonjwa.

Kwa kuwa hatuna kompyuta ya kuongozea skrubu, niliamua kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanyike kabla ya kisu kushikwa. Hupima kila pedikeli kwenye picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili vipande vipande: upana wake, kina hadi mbele ya pingili, na pembe ya kuingilia, kisha vipimo huandikwa ubaoni mwa thieta. Havifanani hata kidogo, kwa maana pedikeli za katikati ya kifua, hasa ya 4 hadi ya 6, ni nyembamba mno, ilhali ile ya 5 ya kiuno ni pana lakini huelekea ndani zaidi. Familia nyingi hulemewa na gharama ya picha hizo, nami huketi nao na kuwaeleza kwa nini siwezi kuziacha. Kwangu mazungumzo hayo ni sehemu ya matibabu.

Ninachokitegemea zaidi ni kupapasa. Njia ikishatobolewa, naingiza kijiti cha chuma chenye ncha ya mviringo na kutafuta sakafu na kuta nne, kabla ya kukata hesi, yaani mifereji ya kushikia skrubu, na baada yake, kisha msaidizi wangu anarudia bila kuambiwa nilichohisi. Tukitofautiana, skrubu haiingii mpaka tuwe tumetazama eksirei. Katika picha ya mbele, ncha ya chombo haipaswi kuvuka ukuta wa ndani wa pedikeli kabla picha ya ubavuni haijaonyesha kwamba imefika kwenye mwili wa pingili, yaani ile sehemu yake nene ya mbele.

Baadaye daktari ambaye hakuwemo thieta husoma CT ya mwisho kwa kipimo cha Gertzbein na Robbins cha mwaka 1990, ambacho hupanga kwa hatua za milimita 2 jinsi skrubu ilivyotokeza nje ya pedikeli. Skrubu ikiwa imetokea upande wa ndani na mguu wa mgonjwa umepata udhaifu mpya, tunamrudisha thieta bila kungoja. Na pedikeli ikiwa nyembamba kuliko skrubu ndogo kabisa tuliyo nayo, siilazimishi. Naiacha pingili hiyo na kufunga ile inayofuata.